Kidd katika darasa la tano

Leo nimemaliza habari za Nahodha William Kidd na darasa la tano. Nilizianza kwa sababu isiyo na heshima kubwa: lile kasha la vitabu vya msaada lililoletwa skuli limejaa maharamia wenye kasuku begani na mguu wa gogo, watoto wanavigombania mpaka kurasa zinachanika, na mimi nilishachoka kuulizwa kama hayo ni ya kweli. Nikasema basi, mkitaka haramia nitawapa aliyeishi, tena aliyepita bahari hii yetu. Kidd alifika Nzwani na Mwali, visiwa vya Komoro, mwaka 1697. Darasani mna binti ambaye bibi yake ni Mngazija, na nilipoitaja Mwali alikaa wima, akawageukia wenzake mmoja mmoja kuhakikisha wamesikia.

Kwanza hawakuamini kwamba haramia anaweza kuwa na mke. Kidd alikuwa Mskoti aliyetia nanga New York, akaoa huko mwaka 1691 mjane tajiri aitwaye Sarah, wakapata mabinti wawili. Kanisa la Trinity la mji huo lilipokuwa likijengwa, yeye aliwaazima kapi na kamba za kupandishia mawe. "Huyu si haramia, huyu mzee wa mtaa," akasema mmoja kutoka nyuma. Nikamwambia asubiri.

Mwaka 1695 Kidd alikuwa London akitafuta kazi ya serikali. Alichokipata ni biashara iliyovalishwa nguo za serikali. Wakubwa kadhaa wa Uingereza, akiwemo Lord Bellomont aliyekuwa akijiandaa kwenda kuwa gavana New York, walichanga fedha za safari. Kidd apewe hati mbili: moja ya kuzikamata meli za Ufaransa, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa vitani, na nyengine ya kuwakamata maharamia. Mali itakayopatikana igawanywe. Mfalme William III naye alitengewa fungu lake, asilimia kumi. Wale wakubwa wengine hawakutaka kuonekana, hivyo katika karatasi waliandikisha majina ya watu wao. Hapa nilitaka kukaa sana, maana niliona ndipo somo lilipo, lakini darasa la tano halina subira na karatasi. Walitaka meli.

Meli waliipata. Adventure Galley ilikuwa na mizinga 34, na zaidi ya matanga ilikuwa na makasia 46. Kasia kwenye marikebu ya mizinga? Nikauliza ni ya nini, na kabla sijamaliza swali mikono ilikuwa juu: upepo ukilala. Hawa ni watoto wa wavuvi na mafundi wa vyombo, na kwa mambo ya baharini mimi mtu wa mjini ndiye mwanafunzi.

Ilipokuwa ikishuka mto Thames, meli hiyo ilipita karibu na chombo cha jeshi la majini pale Greenwich bila kukitolea heshima. Kilipofyatua mzinga kuwakumbusha adabu, mabaharia wa Kidd wakapiga makofi kwenye makalio yao. Sina haja ya kueleza darasa lilivyokuwa. Mwalimu wa chumba cha jirani alikuja kuchungulia. Lakini mzaha ule uliwagharimu: jeshi likawachukua mabaharia wake wengi kwa nguvu, wale aliowachagua mwenyewe, na New York ikabidi ajaze nafasi kwa watu aliowapata. Aliondoka huko Septemba 1696 na watu kama 150, wengi wao wakiwa wa kutia shaka.

Mkataba wao ulikuwa mfupi, nikauandika ubaoni: hakuna ngawira, hakuna mshahara. Mvulana mmoja ambaye baba yake huvulia chombo cha tajiri aliuelewa mara moja. Akawaeleza wenzake kwamba na kwao ni hivyo hivyo, tajiri ana fungu la chombo na fungu la nyavu, mabaharia wanagawana kinachobaki, na chombo kikirudi kitupu hakuna cha kugawana. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Basi wasipopata kitu watamchukia nahodha." Mimi nilikuwa nimepanga kufika kwenye neno hilo kipindi kinachofuata.

Na kweli hawakupata kitu. Mapema mwaka 1697 walifika Madagascar, wakapanda Nzwani, kisha wakaipandisha meli pwani ya Mwali kuisafisha. Hapo niliwaachia wenye ujuzi waeleze: kusubiri maji ya bamvua, kukilaza chombo ubavu, kukwangua chaza, kukalafati, kupaka deheni. Wakabishana kuhusu deheni hadi nikaingilia kati. Kisha nikawaambia kwamba katika siku za kazi hiyo maradhi yaliwashika, na takriban watu hamsini walikufa. Yule binti wa Mwali hakupendezwa. Akataka kujua kama maradhi walikuja nayo wao au waliyakuta. Nikamwambia meli za zama zile zilibeba maradhi kama zilivyobeba panya, akaridhika nusu.

Mpaka hapo Kidd alikuwa na wapenzi wengi darasani. Aliwapoteza Bab el Mandeb.

Agosti 1697 alijificha penye kisiwa cha Perim, mlangoni mwa Bahari ya Shamu. Hakuwa akisubiri Wafaransa wala maharamia. Alikuwa akisubiri msafara wa meli zilizotoka Mocha, bandari ya Yemen, kurudi India. Watoto hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mwezi ule, kwani kusi haijamaliza kuvuma na ndiyo pepo ya kuelekea India. Wakauliza meli zile zilibeba nini. Nikajibu: bidhaa, fedha za mauzo, na mahujaji waliokuwa wakirudi makwao.

"Mahujaji, mwalimu?"

Nikaitikia.

"Alitaka kuwaibia mahujaji?"

Nikaeleza kwamba hakufaulu, kwamba meli ya Kampuni ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza, iliyokuwa ikiusindikiza msafara ilimfyatulia mizinga akaondoka. Haikusaidia. Kwa vitabu vya kule kasha lilikotoka, msafara wa Mocha ni sentensi moja kabla ya mambo makubwa. Kwa watoto hawa, ambao kila mwaka wanakwenda kuwapokea babu na bibi zao wakirudi Makka, huo ulikuwa mwisho wa mzee wa mtaa. Sikuwa nimeliona lile jambo kwa jicho hilo, na nimesoma habari za Kidd tangu chuo cha ualimu. Nilikuwa nikimtazama nikiwa nimesimama kwenye sitaha yake. Wao walikuwa wamepanda meli nyengine.

Kisha ikaja ndoo. Tarehe 30 Oktoba 1697, baharini upande wa India, Kidd aligombana na mkuu wake wa mizinga, William Moore. Watu walikuwa na njaa ya ngawira na manung'uniko yalikuwa yamechacha. Kidd alimwita Moore mbwa. Moore akajibu kwamba kama yeye ni mbwa, basi ni Kidd aliyemfanya hivyo, na amemharibia maisha yeye na wengi wengine. Kidd akaokota ndoo ya mbao yenye pete za chuma akampiga nayo kichwani. Moore alikufa siku ya pili. Nilisita kidogo kuisimulia, kisha nikaisimulia kama ilivyo, bila damu na bila sauti za kuigiza. Watoto wa miaka kumi na moja wanajua ndoo ni nini.

Sehemu iliyobaki niliipitisha haraka. Tarehe 30 Januari 1698 aliikamata Quedagh Merchant karibu na Cochin, ikiwa na hariri, kitambaa, sukari na kasumba, mali ya wafanyabiashara Waarmenia na ya wakubwa wa Mughal, utawala wa India wa zama zile. Nahodha wake alikuwa Mwingereza, lakini meli ilikuwa na hati ya Kifaransa ya kuilinda njiani, na kwa Kidd hilo lilitosha: ni ya adui, ni halali yangu. India ikachafuka, Kampuni ya India ya Mashariki ikabanwa na mfalme Aurangzeb, na London ikahitaji mtu wa kumtupia lawama. Kule Sainte-Marie, Madagascar, Kidd alimkuta haramia halisi, Robert Culliford, ambaye kwa mujibu wa karatasi zake alipaswa kumkamata. Badala yake wengi wa mabaharia wa Kidd walimhama wakajiunga na Culliford. Alirudi magharibi, akasikia Karibi kwamba ametangazwa haramia, na Julai 1699 Bellomont, mdhamini wake mwenyewe, akamtia ndani Boston.

Hapo ndipo tulipofanya mahakama. Nilikuwa nimeandaa hati mbili za Kifaransa kwa karatasi niliyoiloweka chai, nikazificha kabatini. Kidd aliitegemea hati ile ya Quedagh Merchant pamoja na nyengine kutoka meli aliyoikamata kabla yake, lakini kesi yake ilipoanza Old Bailey, mahakama ya London, Mei 1701 hazikuonekana. Zilikuja kupatikana katika nyaraka za serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: wamhukumu kwanza, kisha nizitoe hati, washtuke, tujadili haki.

Walimhukumu. Kwenye wizi waligawanyika, kwenye Moore walikuwa kitu kimoja. Nikafungua kabati, nikatoa hati zangu za chai. Wakazitazama kwa adabu. Mvulana wa fungu la nyavu akasema, "Hati inasema meli ni ya Wafaransa. Haisemi ampige mtu kwa ndoo." Na kule London, ingawa sikuwa nimewaambia, shtaka la kwanza kusikilizwa lilikuwa hilo hilo la Moore. Uharamia ulifuata.

Binti mmoja, mkimya wa mstari wa mbele, alikuwa na jambo lake. Alitaka kujua mbona wenye mali hawakai kizimbani. Nikasema Bellomont alikuwa ameshafariki, Machi ya mwaka ule ule. "Na wengine?" Wengine walikuwa hai, wakubwa, na mahasimu wao bungeni walimwita Kidd mbele ya Bunge wakitumai atawataja vibaya. Hakuwataja. Alidhani watamwokoa. Binti akasema hayo ni ya kawaida, akakaa. Nimemwandikia nyota kwenye daftari.

Kuhusu kunyongwa, mwenzangu mmoja ofisini alinishauri niseme tu kwamba "aliadhibiwa". Sikukubali. Mtoto akishamsikiliza mtu tangu arusi yake, ana haki ya kuambiwa alivyokufa. Niliwaambia alinyongwa Wapping, tarehe 23 Mei 1701, kwa sentensi moja, nikageukia ubao. Lakini simu za kaka zao zimenitangulia. "Kamba ilikatika, mwalimu!" Kweli ilikatika, na alinyongwa mara ya pili. Ukazuka ubishi mkali kama kamba ikikatika mtu aachiwe. Walioshinda kwa sauti walisema aachiwe, maana Mungu ameshaamua. Nikawaeleza kwamba sheria ya pale haikulihesabu hilo. Kwamba mwili ulipakwa lami ukatundikwa Tilbury, kando ya mto Thames, miaka ili mabaharia wauone, hilo nililiacha. Siyo siri, watalisoma wakikua. Ila halikuwa na kazi yoyote darasani kwangu isipokuwa ile ile liliyokuwa nayo Tilbury.

Hazina waliiulizia, bila shaka, na ndiyo iliyowavunja moyo kuliko kamba. Kidd alifukia mali kisiwa cha Gardiners, karibu na New York, na mwaka ule ule serikali ikaifukua, ikaiorodhesha na kuipeleka London. Hakuna ramani wala alama ya X. Baadaye Malkia Anne alizitoa fedha zilizotokana na mali yake kwa hospitali ya mabaharia, na ilikuwa wapi? Greenwich. Nikasubiri kidogo. Kisha mmoja akakumbuka makalio, na kipindi kikaishia hapo.

Wakati wa kutoka waliniuliza yule Culliford naye alinyongwa lini. Hakunyongwa, nikasema. Alihukumiwa naye, akasamehewa. Sasa wanamtaka Culliford.