Kilomita 52 za Mikumi

Mimi na rafiki yangu tuna jina moja, kwa hiyo tangu tujuane hatujawahi kuitana kwa majina. Yeye kwangu ni somo, mimi kwake ni somo. Yeye ni fundi baiskeli, ana kibanda chake kando ya barabara huku Mbagala. Mimi ni karani wa stoo, na tangu shule ndiye yule mtoto anayekabidhiwa daftari la michango kwa sababu haogopi kudai.

Safari ilizaliwa kibandani kwake. Dada yake anafundisha shule moja ya msingi mkoani Iringa, yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu. Kumi kati yao walikuwa wanabebwa mgongoni kuingia darasani, na wengine wameshafika miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, umri ambao mtoto anaona aibu kubebwa. Somo anamjua fundi wa kuchomelea anayeunda baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungusha kwa mikono. Walielewana shilingi 460,000 kwa moja. Kumi ni milioni nne na laki sita, na sisi tukikung'uta mifuko yote miwili hatufikishi laki tatu.

"Twende Iringa kwa baiskeli," akasema huku anakaza spoku za mteja. "Watu hawatoi hela kwa kuombwa. Watatoa kwa kutuona tunateseka."

Nilicheka, lakini jioni ile nikanunua kaunta buku.

Utaratibu ulikuwa huu: kila mchangiaji anaahidi kiasi kwa kila kilomita tutakayoendesha. Bosi wangu aliandika shilingi 500. Vijana wa bodaboda pale kituoni waliandika hamsini hamsini. Mama ntilie anayetulisha mchana aliandika shilingi 20, akauliza kama Iringa ni mbali kuliko Kilwa, nilipomwambia akataka kufuta, kisha akaacha. Walifika watu 63, na ahadi zao zote zikijumlishwa ni shilingi 9,400 kwa kilomita. Kutoka Ubungo hadi Iringa mjini tulihesabu kilomita 490. Piga mwenyewe: 4,606,000. Baiskeli kumi na chenji ya soda. Nilirudia hesabu ile mara tatu.

Hapa niseme moja kwa anayetaka kufanya kitu cha namna hii: chukua nusu mapema. Sisi hatukuchukua. Ahadi ni tamu siku ya kuandika tu. Mpaka leo kuna watu tisa hawajalipa, wawili kati yao hawapokei simu yangu, na mmoja nikikutana naye sokoni anageukia bamia ghafla.

Maandalizi hayakuwa makubwa. Somo alichukua Phoenix yake nyeusi, nzito kama kitanda, akasema chuma ni chuma. Mimi nilinunua ya gia, mtumba kutoka Japani. Jumapili tatu tulikwenda Mkuranga na kurudi, na Jumapili ya kwanza nilirudi goti likiwaka. Somo alinitazama nikipanda mara moja tu, akachukua spana akainua siti karibu inchi mbili. "Pedeli ikiwa chini kabisa, mguu ubaki umekunjika kidogo tu. Wewe unaendesha kama unachuchumaa." Goti halikuuma tena mpaka mlima Kitonga. Kitu kingine kilichotusaidia kuliko vyote ni kioo cha pembeni cha bodaboda, cha shilingi elfu chache, tulichofunga kwenye usukani. Barabara ya Morogoro ni ya malori na mabasi. Kumsikia mtu anakuja nyuma hakukusaidii, unatakiwa ujue ni nani, na kama ameshakuona.

Tuliondoka Ubungo mwezi wa Juni, saa kumi na nusu alfajiri. Mpango ulikuwa kuendesha mpaka saa tano, kulala chini ya mti wowote mpaka saa tisa, halafu kuendelea hadi jua likaribie kuzama. Jua likishazama, hapana. Siku ya kwanza tulilala Chalinze, pale inapochepuka barabara ya Tanga na Arusha, na ninachokumbuka ni semi-trela tu. Inapokupita, kwanza upepo wake unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani, na kama umelegeza mikono unajikuta chini ya magurudumu ya nyuma. Kufika mizani ya Vigwaza nilikuwa nimeshajifunza kuuegemea ule upepo kabla haujafika. Honi moja fupi ni salamu. Honi ndefu, toka kwenye lami, usijadiliane.

Siku ya pili tukaingia Morogoro, mji kasoro bahari, milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu. Tulikula, tukalala kama magogo.

Siku ya tatu, mbele ya Melela, tairi langu la nyuma likapata mwiba. Nimeona pancha zikizibwa maisha yangu yote lakini sijawahi kutazama hasa. Somo aligeuza baiskeli miguu juu, akachomoa tyubu upande mmoja tu bila kufungua gurudumu. Hatukuwa na maji ya kumwaga ovyo, kwa hiyo aliijaza upepo akaipitisha taratibu karibu na mdomo wake, kama mtu anayepuliza filimbi kinyumenyume, mpaka hewa ikampiga chini ya pua. Akaweka mate, povu likachemka. Akasugua kwa msasa, akapaka solusheni, akapaka na kwenye kiraka, halafu akakaa. Mimi nikawa namharakisha. "Wengi wanaharibu hapa," akasema. "Solusheni inabandikwa ikishakauka. Ukibandika mbichi, utakuja kuibandua mbele ya simba." Tulikuwa karibu na Mikumi, ndiyo maana akasema simba.

Na kweli Mikumi ndiyo ilituvuruga. Barabara kuu inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Hakuna uzio, tembo anavuka anapotaka. Tulijua hilo tangu Dar, lakini kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake alisemee. Pale Doma kila tuliyemuuliza alituangalia kama watu waliochoka kuishi, na askari wa hifadhi tuliyemkuta kwenye kibanda cha chai akamaliza mjadala: "Gari inapita, nyinyi ni kitoweo."

Tukapakia baiskeli kwenye Fuso lililokuwa linarudi Ilula na matenga matupu ya nyanya. Dereva alikataa hela. Nilikaa mbele kati yake na utingo, somo akabaki juu na baiskeli zake. Tulipita bango la faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola, dereva akashuka mpaka hamsini, na muda si mrefu twiga wanne walikuwa wamesimama kando ya lami wakitutazama kwa dharau. Nyati niliwaona pia. Ila macho yangu mengi yalikuwa kwenye dashibodi. Nilikuwa nimeandika namba ya kilomita tulipopanda, na tuliposhuka Mikumi mjini nikaandika tena: 52.

Usiku ule gesti ndogo ya Mikumi ilitusikia.

"Somo, zile hamsini na mbili utaziandika?"

"Nitaziandika kwamba tulipanda gari."

"Kwa nini uandike? Mtu alitaka tufike Iringa, na tutafika."

"Mtu aliandika kwa kilomita tutakayoendesha. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu, juu ya ukurasa."

Akanyamaza kidogo. Halafu akanipiga na hesabu yangu mwenyewe: 52 mara 9,400 ni 488,800. Zaidi ya baiskeli nzima. "Sasa wewe chagua ni mtoto gani abaki anabebwa. Mimi sichagui."

Sikuwa na jibu, na sikulala vizuri. Si kwamba nilikuwa namwona yeye ni mwongo, hapana. Tungeandika zile kilomita hakuna hata mmoja kati ya wale 63 angelalamika. Mama ntilie angesema mngeliwa na simba ningemlisha nani. Lakini daftari nililishika mimi, na kesho nitakuja tena na daftari lingine.

Siku ya nne hatukuongea sana. Kutoka Mikumi milima inaanza kukubana pande zote, halafu unashuka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, mibuyu imejaa mabondeni na mlimani, na kandokando ya barabara vitunguu vimepangwa kwenye ndoo na mafungu, wekundu wake unauona kabla hujafika. Tulivuka mto, tukalala. Somo alinunua kitunguu kimoja akakila kibichi na chapati, akanikatia kipande bila kusema neno. Nikajua amepunguza hasira.

Kitonga ninaweza kuisimulia mpaka kesho. Ukiiona kwenye basi ni kona na kuchungulia korongo. Kwa baiskeli ni harufu: breki zilizoungua za malori yanayoshuka, dizeli ya yale yanayopanda. Malori yenye mzigo yanapanda polepole kiasi kwamba tulitembea sambamba nayo, tukisukuma, na utingo mmoja akawa anazungumza nasi dirishani karibu nusu saa. Somo alitaka tushike nyuma ya trela tuvutwe. Nilikataa. Likisita tu kidogo kubadilisha gia linarudi nyuma, na wewe ndio kabari.

"Haya," akasema, jasho linamtiririka kidevuni. "Nikuulize, bwana daftari. Kusukuma kunahesabiwa?"

Nilifikiri kweli. Mguu ni wangu, baiskeli ni yangu, hakuna injini.

"Kunahesabiwa."

"Basi asante kwa huruma yako."

Karibu na juu Fuso moja lililojaa nyanya lilikuja linashuka, likapiga honi fupi fupi kama la harusi. Ni yule yule dereva. Utingo alitupa nyanya mbili. Moja niliidaka, nyingine ilipasuka kwenye Phoenix. Tukacheka mpaka tukakaa chini, na hapo ndipo wazo likaja. Sijui lilikuwa la nani, kila mmoja anadai ni lake.

Ilula tulilala na majaketi. Watu wa Dar hatujui baridi ya Juni ya nyanda za juu. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hicho kipande cha mwisho cha kuingia mjini kinapanda wakati miguu imeshaaga. Tulifika shuleni mchana, kisaa changu cha kuhesabu kilomita za baiskeli kikisoma 438. Watoto waliimba, dada yake somo alilia kidogo akasingizia vumbi, tukala ugali kwa maharage. Wale kumi walitaka kujua kitu kimoja tu, kama baiskeli zao zitakuwa na kengele. Somo akaapa zitakuwa nazo. Kengele hazikuwa kwenye bajeti, nikamtazama, akatazama pembeni.

Kesho yake asubuhi, badala ya kwenda stendi kutafuta basi, tulipanda baiskeli tukashika njia ya Mbeya. Kilomita 26 kwenda, 26 kurudi. Tukapita kibao cha Isimila, kule kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, hatukusimama. Kisaa kilipogonga 26 tulikuwa mahali pasipo na chochote: shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mbuzi wawili, na mzee mmoja amekaa kwenye jiwe amejifunga blanketi.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Tumefika."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Kwa nani?"

Somo akaeleza habari yote, watoto, twiga, Fuso, mpaka nyanya. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini tusingeandika tu ile namba. Somo akaninyooshea kidole. Mzee akanitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Sikujua ni kwa kusifu au kwa kuhurumia, tukageuza.

Kisaa kikiwa 49 nikasikia *psss* ya polepole kutoka kwenye Phoenix. Somo alishuka, akaigeuza miguu juu, akatoa kiraka, akatoa msasa, akatoa kichupa cha solusheni. Imekauka. Alisahau kukaza kifuniko kule Melela, fundi mzima, miaka kumi na nane ya kazi. Alikiminya mara mbili, akakitazama, akakiweka mfukoni taratibu kama mtu anayeficha ushahidi.

Mpaka naandika haya baiskeli tisa zimefika shuleni, zote na kengele. Ya kumi fremu imeshaungwa, inasubiri magurudumu na wale watu tisa wa simu. Lakini siku ile hatukuwa tunawaza hayo. Zilibaki kilomita tatu, na somo alishaanza kutembea, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti. Nikashuka na mimi, nikasukuma ya kwangu pembeni yake ingawa ilikuwa nzima.

"Hii ya kwako haihesabiwi," akasema. "Wewe unajitakia."