Alimnunua kwanza

Mpwa wangu wa Muscat anachora mti wa ukoo. Amenitumia ujumbe: "Shangazi, baba yake babu, mamake alikuwa binti nani? Kabila gani? Baba anasema hakumbuki." Nimeandika jibu nikalifuta, nikaandika tena nikalifuta, mwisho nikamwambia niko kazini. Jumapili, saa nne usiku, niko kazini.

Nusu ya jibu ninayo. Sikuipata Wete wala Muscat. Niliipata Uingereza, South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, mbele ya jiwe la kaburi la mke wa Msham.

Ni kiangazi kile baba alipokuja kukaa nami, mama keshatangulia mbele ya haki. Kukaa ndani kulimchosha, televisheni ilimchosha zaidi, basi kila mwisho wa wiki nikawa namtoa kwenda kuangalia vitu vya kale, maana vya kale ndivyo vilivyojaa huku kaskazini. Durham tuliingia kanisa kuu, akazitazama zile nguzo nene akauliza ni nani anayelipia paa. Newcastle tulipanda ile ngome iliyoupa mji jina, akashuka akiyalalamikia magoti. "Pujini hukuwahi kunipeleka hata siku moja," aliniambia. "Ngome ya Mkame Ndume, mwendo wa gari tu kutoka nyumbani. Leo ndiyo unipeleke kwa Wazungu?" Sikuwa na la kumjibu.

South Shields tulikwenda kwa Metro, treni ya mjini. Arbeia ni ngome ya Kirumi iliyokaa katikati ya nyumba za watu. Unapita kwenye madirisha yenye mapazia na mapipa ya taka, mara unakabiliana na geti la mawe lenye minara, lililojengwa upya miaka ya 1980 juu ya msingi ule ule wa zamani. Ndani ya uwanja ni misingi ya maghala, safu kwa safu. Hapo ndipo ilipowekwa nafaka ya jeshi la Kaisari Septimius Severus, alipokwenda kupigana Scotland kuanzia 208. Nikamwambia baba kwamba Severus alizaliwa Leptis Magna, Libya, na akafia York mwaka 211.

"Mwafrika kaja kufa na baridi," akasema, akafunga kifungo cha juu cha koti. Ilikuwa Julai.

Makumbusho yenyewe ni madogo. Kuna jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor, Mmoor wa Afrika Kaskazini, aliyekufa na miaka 20. Amechongwa amejilaza kwenye kochi, na chini yake mtoto mdogo anamnyooshea kikombe. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi wa kikosi cha Waasturia, na huyo Numerianus ndiye aliyemzika. Baba alisimama kidogo, akasema "mskini", akasogea. Nilidhani tumeshamaliza, nikaanza kufikiria chakula.

Kumbe amekwama kwenye jiwe la pili.

Ni jiwe la mwanamke. Amekaa kwenye kiti cha kusuka, mfano wa vile vya ukindu na henzirani, gauni linafika miguuni. Mkono wa kulia anafunua kisanduku cha vito, wa kushoto umeshika vifaa vya kusokotea uzi mapajani, na ubavuni pana kikapu kilichojaa madonge ya sufu. Ametulia kama mtu aliye barazani kwake. Uso hana. Umevunjwa wote, zimebaki mikunjo ya nguo, mikono, na ile sufu.

Nikamsomea maelezo. Anaitwa Regina. Alikuwa wa kabila la Catuvellauni, watu wa upande wa kusini, kaskazini kidogo ya London, kwa hiyo hata hapa alikuwa mgeni. Amekufa na miaka 30. Jiwe limewekwa na mumewe, Barates wa Palmyra, karne ya 2.

"Palmyra ndiyo wapi?"

"Sham, baba. Syria."

"Aa! Mtu wa Sham." Akainama. Chini ya herufi za Kilatini pana mstari mmoja wa herufi nyingine, za kuviringika, zinazokimbia. Baba aliinua kidole, bila kugusa, akakipitisha hewani juu ya ule mstari kuanzia kulia kwenda kushoto, polepole, namna alivyokuwa akitufuatishia msahafu tulipokuwa wadogo. Hakuwa na uwezo wa kuusoma. Ni Kiaramu cha Palmyra. Ila mkono wake ulijua pa kuanzia. Wataalamu wanasema Kilatini cha juu kimejaa makosa ya sarufi, na huu mstari wa chini umechongwa na mtu anayejua anachokifanya. Unasema: Regina, aliyeachwa huru na Barates, ole.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiingereza pembeni yetu, akatutabasamia. "Kisa kizuri cha mapenzi," akasema. Nikamtafsiria baba.

Baba hakumtazama. "Alimnunua kwanza," akasema kwa Kiswahili.

"Lakini alimwacha huru, baba. Akamuoa. Akamwekea na jiwe, tena la gharama."

"Ndiyo. Na babu naye alimwacha huru, akamuoa."

"Babu yupi?"

"Babu yangu. Mzaa baba."

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, na nilikuwa nikijua, au nikidhani ninajua, kwamba sisi ni watu wa Wete tangu na tangu, na kabla ya hapo watu wa Manga. Baba aliendelea kuliangalia jiwe huku akisema, wala hakugeuza shingo. Bibi yake alikuwa Mnyasa. Aliletwa mdogo, kwa jahazi, usiku. Lugha ya kwao ilimpotea yote isipokuwa ya kuhesabia. Msimu wa karafuu, akikaa uani kupima pishi, alikuwa akihesabu kwa kwao.

Na baba akahesabu. Pale pale, mikono nyuma, mbele ya mwanamke asiye na uso: "Modzi, wiri, tatu, nayi, sanu." Kisha akarudia tena kuanzia mwanzo, kama anayetafuta ya sita. Hakuipata.

Yule mama wa Kiingereza akaondoka taratibu.

"Na bibi, yeye alimpenda?" niliuliza.

"Mimi nilikuwa mtoto. Mtoto haulizi hayo."

Baadaye nilikwenda kusoma. Amri ya Sultani ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaruka masuria. Wao waliwekwa kando hadi 1909, kwa hoja kwamba ni watu wa ndani, kama wake. Nimejaribu kupiga hesabu ya miaka yake, haikai sawa.

Mchana wa siku ile tuliswali msikiti wa Laygate, hapo hapo South Shields, ule alioufikia bondia Muhammad Ali mwaka 1977 ndoa yake ikaombewa dua. Mabaharia wa Kiyemeni waliokuwa wakitia makaa ya mawe melini walihamia mji huu zaidi ya miaka mia iliyopita, wengine wakaoa wanawake wa hapa hapa. Baba akapata mzee wa kuzungumza naye Kiarabu cha kuungaunga, wakacheka sana, sijui nini.

Siku ya pili tulikwenda Corbridge, mji mwingine wenye mabaki ya Warumi. Huko pana jiwe jingine la Mpalmyra, aliyekufa na miaka 68. Mwanzo wa jina umevunjika, imebaki sehemu ya mwisho tu, na wapo wanaoamini ndiye Barates mwenyewe. Jiwe la kawaida, halina picha ya kiti wala sufu, na maandishi ni Kilatini kitupu. Baba alikataa katakata.

"Si yeye. Yule angeandikwa kwa hati yake."

"Lakini baba, hapa yeye ndiye maiti. Ameandikiwa na wengine."

Akafikiri. "Basi hakuwa na mtu," akasema, akauliza choo kiko wapi.

Jioni kaka alipiga simu kutoka Muscat, nikaweka spika. Baba alimsimulia geti, akamsimulia maghala na ukubwa wake, akamsimulia Kaisari wa Libya, na kwa kirefu kabisa samaki wa kukaanga tuliyemla pwani, anayeuzwa bila hata kipande cha ndimu. Kaka akauliza, "Na kingine mmeona nini?" Baba akanitazama. "Mawe tu," akasema. "Mawe mengi." Nami nilikuwa nimekaa pale pale, simu iko baina yetu, nikaongeza kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri.