Nilivyoshika majina ya watoto 91, magoti ndo yalilipa

Wale mnaosema mwalimu mzuri anajua majina ya wanafunzi wake wote wiki ya kwanza, njooni mshike darasa la nne hapa Moshi mjini halafu ndo tuongee. Kwenye makaratasi mwalimu mmoja watoto 45. Mimi nilikabidhiwa 91, dawati moja wanne, wa mwisho kabisa anaegemea ukuta.

Mimi kwetu Newala. Nimekulia kwenye rejista za kina Hamisi, Somoe, Shaibu, Fatuma, unaita mtu anaitika mambo yameisha. Nikapangiwa Kilimanjaro nikafika Februari na masweta matatu begani maana kila mtu alinitisha na baridi, kumbe baridi yenyewe ni Juni na Julai huko, Februari ni jua tupu natembea na sweta kama mgonjwa. Siku ya kwanza nafungua rejista, aisee! Godlisten watatu. Godbless wawili. Godlove, Praygod, Goodluck wawili, Gladness, Happyness, Witness. Sijafika nusu nimeshamtaja Mungu kuliko paroko.

Nikasema basi, niite kwa ukoo. Hapo ndo nilijichimbia. Massawe saba. Mushi sita. Halafu kuna Mosha, kuna Moshi (ndiyo, Moshi anaishi Moshi), kuna Mmasi, kuna Minja, ukiyataja haraka haraka na chaki mdomoni yote yanakuwa jina moja. Naita "Mosha!" wanasimama watoto kumi na moja, wanaangaliana.

Ushauri niliopewa ofisini sitausahau. Mzee mmoja aliyeanza kazi mimi nikiwa chekechea akaniambia wape namba, namba 37 simama. Nikajaribu siku moja, kwanza namba 37 mwenyewe hajui kama yeye ni 37, pili nikajiona askari magereza. Mwingine akasema shika fimbo majina yatakuja yenyewe. Yaje kutoka wapi sasa? Madamu mmoja mtu mzima tu ndo alinikalisha chini na chai yake, "Mwanangu, huku ukoo unakuambia mtu katoka wapi. Ukisikia Tarimo, Shirima, Kavishe, hao Rombo. Swai na Nkya, Machame. Lyimo na Mtui, Marangu." Nikaandika yote kwenye daftari, na kweli mpaka leo inanisaidia kupiga stori na wazazi. Ila mtoto ukimwangalia usoni hajaandikwa Rombo.

Nikaja na akili yangu mwenyewe: manila. Nikanunua manila na maka peni karibu na stendi, sijui elfu nane sijui tisa, hela ya nauli ya wiki ile. Usiku mzima nakata vipande, naandika jina, nakunja kama kibanda kisimame juu ya dawati. 91! Mkasi wa kuazima, kidole kikatoka lengelenge. Asubuhi darasa linapendeza kama mkutano wa Umoja wa Mataifa. Siku mbili nilikuwa mfalme, "Ndiyo Godlisten, tutajie mito ya Tanzania," Godlisten anataja Pangani, Rufiji, Ruvuma, nampa alama, natembea kifua mbele hadi walimu wenzangu wananishangaa.

Siku ya tatu nikagundua Godlisten amevaa hereni.

Kumbe wale watoto wamefungua soko. Kadi zinabadilishwa kwa ubuyu na karanga. Usiyetaka kuulizwa hesabu unaweka kadi ya mwenzako, anayejiamini anakusanya kadi za wengine. Kuna Massawe nilimwandikia alama za kujibu vizuri siku mbili mfululizo, na Massawe mwenyewe alikuwa nyumbani anaumwa tumbo! Nikazikusanya zile kadi zote, tukawashia moto wa uji jikoni. Roho iliniuma, nisiwadanganye.

Ijumaa ile niliingia nimekasirika, na mdomo ukanitangulia. Nikasema leo nawataja mmoja mmoja bila rejista, nikikosea jina lako naruka kichura. Mimi, siyo wewe. Nikipatia, unanisomea sentensi moja ya kitabuni. Kimya. Halafu zikapigwa kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Siku hiyo niliruka 34. Jumamosi nilishuka kitandani kwa mikono.

Ila sasa sikieni utamu wake. Kwenye kadi walikuwa wameungana dhidi yangu, kwenye kichura kila mtu anataka niruke kihalali. Mtoto akijifanya siye, dawati zima linamgeuka, "Mwalimu, anadanganya huyo, siyo Praygod!" Wenyewe wakawa mapolisi. Halafu wakaanza kunitegea, wanahama dawati, wanabadilishana masweta, wasichana wanaficha nusu ya uso na daftari, na hapo ndo walinisaidia bila kujua, maana mimi nilikuwa nakariri sehemu mtu anapokaa siyo mtu. Ikabidi niwaangalie. Yupo Massawe mwenye kovu kwenye nyusi. Yupo Massawe anayecheka swali halijaisha. Yupo Massawe wa dirishani ambaye asubuhi mlima ukiwa wazi huna lako, msubiri mpaka mawingu yaufunike ndo anarudi darasani. Kuna mapacha walinirusha wiki mbili nzima, siku nikawapa chaki waandike ubaoni nikaona mmoja anaandika kwa mkono wa kushoto. Walinuna hao!

Msijaribu 91 kwa mpigo kama mimi lakini. Kumi kwa siku wanatosha. Na vaeni suruali pana, suruali yangu ya kitambaa ilichanika katikati ya Mmasi.

Siku ambayo mpaka leo wananitania ofisini nilikuwa na deni la vichura vitano, nimeupa mlango mgongo, vumbi mpaka magotini, watoto wanahesabu kwa sauti. Tatu! Ghafla wote wakasimama, "Shikamoo mwalimu mkuu!" Nikajua wananitegea wanipotezee hesabu. Nikawaambia, bado nimechuchumaa, "Kaeni chini, hamnipati leo!" Nageuka, mwalimu mkuu huyo, na afisa elimu kata pembeni yake. Afisa akaniangalia, akawaangalia watoto, akauliza, "Mwalimu wenu kafanya kosa gani?" Mtoto wa mbele akajibu kwa adabu zote, "Amemwita Mushi Mosha." Yule afisa akafikiria kidogo. "Bado vingapi?"

"Viwili!" darasa zima.

Akasubiri nimalize ndo akaomba kuona andalio la somo.

Baada ya kama mwezi nikawa naruka kimoja, siku nyingine hakuna. Ilipokaribia Oktoba na upimaji wa darasa la nne nikawa nagawa madaftari nimefumba macho, najua hadi mwandiko. Kiranja akaja na malalamiko rasmi kwamba darasa limepooza. Basi Ijumaa huwa nakosea moja kwa makusudi.

Juzi niko soko la Mbuyuni nachagua ndizi za mtori, mama muuzaji ananitazama tu anatabasamu. "Mwalimu, wewe si ndo yule wa kichura?" Nikamwangalia vizuri, nyusi, pua, kile kicheko kinachotangulia swali. Nikasema kwa kujiamini kabisa, shikamoo mama Massawe.

"Marahaba. Mimi mama Mushi."

Wenzake wa meza za jirani wakaacha kupanga nyanya. Nikaweka mfuko wa ndizi chini.