Kumbukumbu ya mradi: sauti ya redio ya upepo katika igizo la mtandaoni

Sehemu ya vichujio, vinavyofanya sauti za wachezaji zisikike kama zinatoka kwenye redio ya upepo, imekamilika. Sauti ya mchezaji hutufikia kupitia kodeki ya Opus (njia ya kubana sauti ili isafirishwe mtandaoni) ikiwa safi mno, hivyo kazi ya kwanza ni kuipunguzia ubora: kichujio kinaondoa kila kilicho chini ya Hz 300 na juu ya Hz 3,000, kwa kuwa redio za mawasiliano husafirisha maneno ndani ya upana unaokaribia huo. Wengi huishia hapo, wakapata sauti ya simu ya mezani. Kinachoigeuza kuwa redio ni kompresa kali, inayosogeza mnong'ono na ukelele karibu kufikia kiwango kimoja, ikifuatwa na ukataji mdogo wa vilele vya wimbi. Ukataji huo huzalisha masafa mapya ya juu ambayo spika ndogo ya redio isingeweza kuyatoa, na ndiyo sababu nimeweka kichujio cha pili mwishoni mwa mnyororo huu wa hatua.

Mvumo, yaani ile kelele ya "shhh" ya redio, ulinichukulia muda mrefu zaidi. Sampuli nyingi zinazosambazwa mtandaoni huweka mvumo usiokoma chini ya maneno, ilhali redio ya FM yenye mawimbi yenye nguvu huwa kimya kabisa nyuma ya msemaji. Mvumo huingia pale tu mawimbi yanapodhoofika. Unaposikika wazi ni mwishoni, mrushaji anapoachia kitufe cha kuongea na kipokezi kukawia kidogo kabla ya kujifunga, hapo ikatoka ile "kshh" fupi. Nimeitengeneza kwa kelele nyeupe (mchanganyiko wa masafa yote kwa nguvu sawa) ya milisekunde 150, na kwa maoni yangu inamshawishi msikilizaji kuliko athari nyingine zote.

Redio za ndege nimezitenga, kwa sababu hutumia AM (ambamo sauti hubadilisha nguvu ya wimbi, tofauti na FM ambamo hubadilisha masafa yake) katika masafa ya MHz 118 hadi 137. Marubani wawili wakirusha kwa pamoja, msikilizaji hupata mluzi unaokera na maneno yaliyovurugika, lakini kwenye FM mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwenzake. Kwa hiyo, katika chaneli ya polisi wa mchezo, anayepokelewa kwa nguvu zaidi ndiye anayesikika.

Uchakataji wote unafanyika kwenye kompyuta ya msikilizaji. Kiasi cha mvumo hutegemea umbali kati ya watu wawili, na msemaji mmoja anaweza kuwa karibu na huyu na mbali na yule katika sekunde hiyo hiyo. Athari ikiwekwa kwenye maikrofoni yake, wote watasikia kitu kimoja. Tena vipunguza kelele vya programu za mazungumzo huufuta mvumo vikidhani ni feni. Sauti inatumwa ikiwa safi, pamoja na taarifa za chaneli, mahali alipo mchezaji na hali ya kitufe.

Chaneli za kidijitali bado. Huko hakuna mvumo wa kufifia: mawimbi yakipungua, silabi hukatika na kupata mlio wa kiroboti, kisha sauti hupotea ghafla, kwa hiyo zitahitaji mnyororo wao. Kabla ya hapo nitaweka kanuni ya kumnyima usikivu wa chaneli yake yeyote aliyeshikilia kitufe, kama ilivyo kwenye redio za kawaida za mkononi, ili wachezaji walazimike kusema "ova" na kusubiri zamu.