Shuka tano, panda nane

Juzi kitindamimba wetu kanikuta mlangoni nafunga kamba za viatu, akanisogezea simu karibu na pua. "Baba, kumi toa nne jumlisha tatu. Simu inasema tisa. MAGAZIJUTO inasema tatu. Nani muongo?"

Nikamwambia simu iko sawa, jioni tutaongea, nikakimbilia kifodi. Lakini mpaka nashuka mjini, kichwani sikuwa Arusha tena. Nilikuwa Moshi, darasa la sita, dawati la watu watatu, namtazama Mgumu akinyoosha mkono.

MAGAZIJUTO mnaikumbuka wote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sisi tuliiimba kwa sauti kila kipindi cha hisabati kinapoanza, na ilikuwa imeandikwa juu ya ubao kwa herufi kubwa ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzifuta. Mwalimu wetu alikuwa mwalimu mzuri, nisimsingizie. Siku ya kwanza ya namba kamili alitutoa nje asubuhi na mapema, kabla mlima haujajifunika mawingu, akatuonyesha Kibo, kilele cha Kilimanjaro. "Pale juu, mita 5,895, usiku joto linashuka chini ya sifuri. Namba hasi ndiko ziliko." Tukacheka, lakini tulielewa.

Basi siku hiyo akaandika ubaoni:

18 ÷ (2 − 5) × 2 − 5 + 8

Tukaenda naye hatua kwa hatua. Mabano: mbili toa tano, hasi tatu. GA: kumi na nane gawanya kwa hasi tatu, hasi sita. ZI: mara mbili, hasi kumi na mbili. Chaki inalia, vumbi linamdondokea kwenye mkono wa shati, darasa zima linaitikia. Ubaoni pakabaki −12 − 5 + 8.

"Sasa JU! Tano jumlisha nane?"

"Kumi na tatuuu!"

"TO! Hasi kumi na mbili toa kumi na tatu?"

"Hasi ishirini na tanooo!"

Akapiga mstari chini ya −25, miwili kabisa, ya jibu. Ndipo Mgumu akanyoosha mkono.

Tulimwita hivyo kwa sababu ya baba yake. Wabeba mizigo wa mlimani Moshi wanaitwa wagumu, na baba yake alikuwa mgumu wa miaka mingi, njia ya Machame. Mtoto huyu hadithi za mlima alizijua kama wengine tulivyojua timu za mpira. Alishatusimulia kwamba kuna siku unapandishwa mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, halafu jioni ile ile unashushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Sisi wengine tuliona ni ujinga, upande yote hayo halafu ushuke. Yeye aliona ni kawaida tu.

Akasimama. Kaptula ya bluu, magoti yana vumbi jekundu.

"Samahani mwalimu. Mimi nipo hasi kumi na mbili. Nimeshuka tano. Halafu nimepanda nane. Mbona unasema nimeshuka kumi na tatu?"

Darasa kimya. Mwalimu akageuka kuutazama ubao, na akautazama muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Mgumu akadhani hajaeleweka, maskini, akaanza kuonyesha kwa kiganja hewani: chini, kidogo, juu, zaidi. "Nipo hasi tisa, mwalimu. Siwezi kuwa ishirini na tano, hiyo iko huko chini kabisa, hata sijafika."

Alikuwa sahihi, na mtu yeyote mwenye simu leo anaweza kuhakikisha. Ile alama ya kutoa ni ya tano peke yake. Nane haihusiki nayo. JU na TO zina hadhi moja, unazifanya kwa kufuata zinavyokuja kutoka kushoto kwenda kulia, na GA na ZI hivyo hivyo. Au uache kila namba na alama yake, −12, −5, +8, uzijumlishe kwa mpangilio wowote unaoutaka: utapata −9 tu. Kwa njia hiyo MAGAZIJUTO wala haina kosa. Inategemea tu nani anaisoma.

Mwalimu akasema, "Mlima haumo kwenye silabasi." Kisha akamwita mbele, akamchapa kwa ubishi. Kengele ikalia, tukatoka.

Wiki iliyofuata tulikuta chini ya MAGAZIJUTO pamechorwa mshale, unaanzia kushoto unaishia kulia, kwa chaki nyekundu. Hakueleza. Tukaunakili kwenye madaftari. Maswali ya namna ile tangu hapo akayafanya kwa njia ya Mgumu, bila kumtaja, na bila kumwangalia. Sekondari tukabadilishiwa lugha, tukapewa BODMAS, nayo A ya kujumlisha imetangulia S ya kutoa, mtego ule ule.

Sijui niuweke wapi mshale ule. Kuna siku nauona ni samahani, kwa jinsi watu wazima wa wakati ule walivyojua kuomba samahani. Ila fimbo ilikuwa mbele ya darasa, na mshale ulikuja wakati hakuna mtu darasani.

Mgumu nilikutana naye karibu na stendi ya Moshi, muda umepita sasa. Ni mpishi wa mlimani, amenenepa. Nikamkumbusha habari yote, kwa mbwembwe, kama shabiki. Fimbo aliikumbuka vizuri, hata upande wa darasa aliosimama. Swali lenyewe? Hana habari nalo.

"Jibu lako lilikuwa hasi tisa," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Hasi tisa? Kileleni alfajiri? Hiyo nafuu, kaka."