Kivuli cha Irente

Asubuhi, jua linapochomoza nyuma ya milima ya Usambara, kivuli cha jabali la Irente hulala juu ya tambarare ya Mazinde, kisha hurudi taratibu kuelekea chini ya mlima kadiri jua linavyopanda. Kivuli hicho ndicho nilichokifuata nilipotoka Lushoto alfajiri nikiwa na daftari, penseli laini na vipande vichache tu vya pasteli, vijiti vya rangi kavu vya kuchorea, kwa kuwa mwenye rangi nyingi mkononi huchagua mpaka mwanga ukamkimbia.

Nilichora maumbo makubwa pekee: ukingo wa jabali, mpaka wa kivuli na mstari wa upeo. Pembeni niliandika, "Kivuli ni zambarau yenye kijani ndani yake, si cheusi, kule mbali ardhi na anga karibu zinalingana." Maneno hayo yalinifaa kuliko picha niliyopiga kwa simu, ambayo ilikifanya kivuli chote kuwa cheusi tii na kuufuta kabisa ukungu uliokuwa juu ya mashamba ya mkonge.

Nyumbani nilitumia karatasi yenye mikwaruzo kama msasa laini, kwani pasteli ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi kidogo sana, na bila mikwaruzo hiyo unga hauna pa kushika. Nilianza na rangi za giza kwa pasteli ngumu, nikaziacha laini na nyepesi hadi mwisho. Dawa ya kukaza rangi niliipulizia kwenye tabaka za chini tu. Mwaka jana niliipulizia juu ya anga lililokwisha kukamilika, likafifia mbele ya macho yangu, na uchungu wa siku ile ninao bado.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni pale kivuli kinapokutana na ukungu. Nilikisugua kwa kidole, kikawa tope. Nikakwangua, nikalaza kipande cha samawati iliyopauka kwa ubavu wake na kukivuta mara moja bila kukandamiza, hata zambarau ya chini ikabaki ikichungulia kati ya chembe za unga.

Mwisho kabisa niligusa mkonge kwa manjano hafifu, mahali pawili tu, kisha nikaiweka picha kwenye fremu, kioo kikiwa kimeachana kidogo na karatasi ili kisiunyonye ule unga.