Mteremko wa Magamba umekubali: kumbukumbu ya darasa la baiskeli, Jumamosi ya 7

Leo mteremko umekubali. Dakika 6, baiskeli 16, hakuna aliyekaa kupumzika na hakuna aliyelalamika goti. Naandika usiku huu huu kabla mpangilio haujanitoka kichwani, maana nimehangaika nao tangu Jumamosi ya kwanza.

Darasa ni la baiskeli za jimu, zile zisizotoka mahali pake, ni la dakika 50 na linaiga njia ya milima ya Usambara: Mombo, Soni, Lushoto, halafu msitu wa Magamba na kurudi chini. Kupanda hakukunisumbua. Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400, na barabara kati yake ni kama kilomita 33. Ukigawa unapata mwinuko wa asilimia 3 tu, namba inayodanganya sana, kwa sababu barabara ile haipandi kwa wastani. Inabana kwenye kona, inalegea, inabana tena, mpaka Soni unasikia maporomoko. Nimeikata vipande 4, mizunguko ya pedali 60 hadi 75 kwa dakika, kukaa na kusimama kwa zamu. Anayefundisha madarasa haya anajua kilichobaki.

Shida ni kushuka.

Kwenye baiskeli ya kweli, porini, ukishuka hukanyagi. Pedali zinalala sawa, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, tako limeinuka, kidole kiko kwenye breki, macho yanatafuta jiwe linalofuata. Baiskeli ya jimu haikuruhusu. Flaiwili yake, yaani lile gurudumu zito linalozunguka, imeungwa moja kwa moja na pedali. Ukiacha kukanyaga yenyewe inaendelea kuzunguka, na magoti yako inayavuta pamoja nayo. Kile kinachoufanya mteremko uwe mteremko, yaani kuacha kukanyaga, ndicho kisichowezekana.

Jumamosi ya 1 nilifanya kama wanavyofanya wengi: legeza, kimbiza miguu mizunguko 110, weka muziki wa kasi. Watu wakadunda kwenye tandiko kama abiria wa siti ya nyuma. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hapa tunashuka au tunapumzika?" Swali lile nilitembea nalo wiki nzima. Nilikuwa nimewapandisha mlima kwa dakika 30 kisha nikawapa kitu ambacho si mteremko na si mapumziko.

Jumamosi ya 2 nikawaambia wasogeze nyonga nyuma kabisa ya tandiko, kama tunavyofanya kwenye mteremko mkali. Nililijutia siku hiyo hiyo. Porini unasogea nyuma kwa sababu baiskeli imeinamia mbele, na unatafuta uzito urudi katikati. Ya jimu haiinami. Ukirudi nyuma wakati pedali zinazunguka unayabebesha magoti kazi isiyo yao na mgongo unajikunja bure. Uzito ukae juu ya pedali, basi. Viwiko vilegee, tako lipande kidogo tu juu ya tandiko, mikono iguse usukani bila kuuegemea.

Jumamosi ya 3 na ya 4 nikajaribu kubadilisha mkazo, yaani ugumu wa pedali, kila baada ya sekunde chache: jiwe, kaza! mchanga, legeza! kona, kaza! Ilichosha kweli, ila ilichosha mkono wa kulia. Watu walikuwa wanapapasa nobu, kile kitufe cha kuzungusha cha kukazia, muda wote, nusu wamechelewa, nusu wamekaza wakati wenzao wanalegeza. Na hapa niseme wazi juu ya hizi baiskeli. Zinazokaza kwa pedi ya kusugua flaiwili sizipendi kwa darasa la aina hii. Pedi inalika, kila baiskeli inakuwa na tabia yake, na ukisema "zungusha nobu mara moja" unakuwa umesema vitu 16 tofauti. Zinazokaza kwa sumaku ziko tulivu, na ulipoiweka ndipo unapoikuta. Jimu yetu ina za pedi. Nazifuta na kuzikagua mwenyewe kila Ijumaa jioni, na bado namba 9 inashika kwa kushtukiza.

Video ya mteremko nayo niliijaribu, Jumamosi ya 5. Nimeiacha kabisa. Watu wanainua shingo kutazama ukuta, mwendo wa picha haulingani na miguu yao, na kijana mmoja akashuka akasema anasikia kizunguzungu. Ningeipenda mimi, maana msitu ule ni mzuri mno na nilitaka wauone, lakini darasa ni la miili yao.

Kilichofungua njia kilikuja kwa bahati. Nilipanda Lushoto kwa siku 2 ili nipige ile video upya, na simu nikaifunga kifuani ikiwa ndani ya soksi nene isigongwegongwe. Picha ilitoka giza tupu. Sauti ikatoka safi, kwa sababu soksi ilizuia upepo. Usiku, chumbani, nikaisikiliza kwa spika za masikioni, na nilichosikia kuliko vyote ni friwili, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinacholiacha lizunguke wakati pedali zimesimama. Tik-tik-tik-tik ya gurudumu la nyuma wakati sikanyagi, kisha kimya ghafla ninapokanyaga, kisha tik-tik tena. Kokoto, breki inalia kidogo, tik-tik, kimya, tik-tik.

Nikachukua kalamu na kuanza kuhesabu. Katika dakika 6 za kipande kigumu nilikanyaga mara 27. Kipande cha kukanyaga kirefu kuliko vyote kilikuwa sekunde 11, kifupi kilikuwa mizunguko 2 ya pedali, cha kutoka kwenye kona tu. Hakuna vipande vitatu vilivyofuatana vikalingana urefu. Hapo ndipo nikaelewa kosa langu la wiki zote: nilikuwa naupanga mteremko kwa mapigo ya muziki, hesabu ya nane nane, ilhali msitu hauna nane. Kinachomchosha mwendeshaji si kasi. Anachoka kwa sababu hajui kipande kinachofuata kitakuwa kirefu kiasi gani, na mapaja yako kazini muda wote yakimshikilia nusu wima. Saa yangu ya mkononi ilikuwa imeandika mapigo ya moyo 140 na zaidi njia nzima ya kushuka, na nilipofika chini na kusimama, mapaja yalitetemeka mpaka nikaishika baiskeli.

Rekodi hii karibu niikose. Baiskeli niliyokodi mwanzo haikuwa na mlio kabisa. Fundi akaizungusha gurudumu, akasikiliza, akasema, "Hii wameijaza grisi nzito kaka, ndiyo maana imenyamaza," akanifungia gurudumu jingine. Nilimshukuru kwa gurudumu tu, sikujua amenipa darasa zima. Grisi na miteremko wana historia yao: huko Marin, California, mwaka 1976, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya kurudisha pedali nyuma. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ilipata moto mpaka grisi inatoka moshi, na baada ya kushuka ilibidi ijazwe upya. Njia ile ikaitwa Repack, kwa maana ya kujaza upya.

Sasa mpangilio wenyewe, kama ulivyofanya kazi leo. Mkazo mmoja tu, wa kati, unawekwa kabla mteremko haujaanza. Baada ya hapo mkono hautoki kwenye usukani. Napiga rekodi yangu kwenye spika: tik-tik ikisikika, unasimama nusu, mizunguko 60, taratibu, mapaja yanabeba. Ikinyamaza, unakaa na kusukuma hadi 90. Ikirudi, unainuka tena. Simwambii mtu sekunde ngapi. Wala mimi sihesabu kwa sauti, kwa sababu nikihesabu wanajua mwisho uko wapi. Muziki umezimwa dakika zote 6.

Sauti ya friwili ilikuwa inamezwa na mngurumo wa flaiwili 16. Nimetumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure na inanitosha kwa kila kitu: nimekata sauti nzito za chini, nimepandisha nyembamba, na penye kimya nimeacha kokoto kwa mbali ili watu wasidhani spika imekufa. Ilinichukua jioni 3. Taa za rangi na feni za "baridi ya mlimani" nilizokuwa nimezipanga kwa wiki hii sikuzigusa, na sioni kama nitazirudia.

Leo kipande cha 19, kile cha sekunde 11, kilipoisha nilisikia darasa zima linatoa pumzi kwa pamoja, na kabla hawajaivuta nyingine kimya kikaanguka tena. Walikaa wakasukuma. Hakuna aliyenitazama, wote walikuwa wanasikiliza. Mwishoni yule mama wa mstari wa mbele alishuka, akashika usukani kwa mikono miwili, akasimama hivyo kwa muda. "Mwalimu, mapaja yananitetemeka."

Nilimletea maji. Wiki ijayo narekodi kipande cha pili, chenye mizizi mingi zaidi, na pedi ya namba 9 lazima ibadilishwe kabla ya Jumamosi.